Klachi mpya, gia haziingii: kisa cha Land Cruiser ya safari hapa Arusha

Gia boksi ya Land Cruiser mkonga si kitu cha kushusha kwa mazoezi. Nyuma yake kuna transifa ya kugawa nguvu mbele na nyuma, kuna propela mbili zinazozipeleka nguvu hizo kwenye matairi, kuna nati zilizokula vumbi na matope ya mbugani miaka nenda rudi, na ikishuka inataka jeki nzuri na watu wasiochezea simu. Mwezi wa sita, msimu wa wageni ndio unaanza, niliishusha mara 2 ndani ya siku 3 kwenye gari lilelile. Mara ya kwanza kulikuwa na kazi. Mara ya pili kulikuwa na wasiwasi tu. Kwa kawaida wasiwasi wa fundi hulipiwa na mteja, ila safari hii niliulipia mimi, na ndiyo maana nakiandika kisa hiki bila kuficha.

Gari lenyewe ni la injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6, lita 4.2, limerefushwa hapahapa Arusha na kuwekewa paa la kufunguka. Dereva alilileta Jumatatu akilalamika klachi inateleza. Akipanda ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, injini inanguruma lakini gari halipandi kwa kasi ya injini, na harufu ya kuungua inawafikia wageni nyuma. Hapo hakukuwa na fumbo. Tulifungua tukakuta klachi pleti imekwisha hadi karibu na ribiti, na flaiwili, lile gurudumu la chuma nyuma ya injini ambalo pleti hulibana, ina madoa ya bluu ya joto pamoja na vinyufa vidogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Flaiwili nikaipeleka kukerezwa. Nikaagiza klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi na pailoti beringi. Masta ya chini nayo ilikuwa inavuja kidogo kwenye raba, nikamwambia dereva tusihangaike na raba, tuweke mpya nzima. Akakubali. Mshike hilo la masta ya chini, maana mimi nililiachia.

Kwa asiye fundi, mambo yako hivi. Ukikanyaga pedali unasukuma masta ya juu, ile iliyofungwa kwenye ukuta wa injini na kikopo chake cha fluidi. Masta ya juu inasukuma fluidi kupitia bomba, kisha mpira, hadi masta ya chini iliyo ubavuni mwa ile kengele inayounganisha injini na gia boksi. Masta ya chini inatoa fimbo, fimbo inasukuma foku, foku inasukuma rilizi beringi, na beringi inakandamiza vidole vya presha pleti. Vidole vikizama vya kutosha, presha pleti inanyanyuka na klachi pleti inabaki huru kati yake na flaiwili. Neno la kushika hapo ni "vya kutosha". Vikizama nusu, pleti inaendelea kusugua, injini inaendelea kuzungusha gia boksi, na gia zinakataa.

Jumanne jioni tulifunga kila kitu, tukatoa upepo kwenye fluidi ya klachi, nikawasha. Nikakanyaga klachi hadi sakafuni, nikavuta rivasi. Kraaaa! Nikaachia, nikasubiri, nikakanyaga tena. Kraaaa. Namba moja iliingia kwa kulazimishwa, na ilipoingia gari likataka kuondoka na mguu wangu uko palepale chini. Nikazima injini. Gari likiwa limezimwa gia zote ziliingia kama kisu kwenye parachichi lililoiva, kuanzia moja hadi tano na rivasi juu yake. Hiyo ni habari njema kidogo, kwa sababu inasema gia boksi yenyewe na fito zake za kubadilishia gia hazina shida. Gia zinazoingia gari likiwa limezimwa na kukataa likiwa linanguruma, klachi haiachii.

Rivasi ndiyo huanza kulalamika kwa sababu mara nyingi haina sinkronaiza. Gia za mbele zinasaidiwa na zile ringi zinazopunguza mzunguko kabla meno hayajakutana, kwa hiyo zinaweza kumficha mgonjwa kwa wiki kadhaa mpaka ringi zenyewe ziishe. Fundi anayejaribu klachi kwa namba moja na mbili tu, halafu akamkabidhi mtu gari, anajitafutia maneno.

Basi Jumanne usiku nikafanya anachofanya kila mtu: nikatoa upepo tena. Dogo juu anapampu, mimi chini kwenye nipo, ile skrubu ya kutolea upepo. Tukamaliza karibu nusu lita ya fluidi. Haikutoka hata povu moja. Pedali ilikuwa imara, haizami, haichezi. Nikajaribu kupampu haraka mara 3 kabla ya kuvuta gia, hakuna tofauti. Hapo palitosha kuniambia kwamba upepo haumo, kwa sababu upepo ukiwemo, pampu za haraka huwa zinasaidia angalau kidogo. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka haongezi akili, anaongeza nguvu.

Jumatano asubuhi nikashusha gia boksi.

Nilikuwa na orodha kichwani, na si orodha ya kijinga. Klachi pleti ikifungwa kinyume, upande wenye springi zilizotokeza ukatazama flaiwili, haiachii. Nikaangalia: imekaa sawa. Meno ya katikati ya pleti yakikwama kwenye meno ya shafti, pleti haitelezi kurudi nyuma, hivyo inaendelea kusugua. Niliivisha pleti kwenye shafti kwa mkono: inateleza vizuri, grisi ipo kidogo kama inavyotakiwa. Pailoti beringi ikishika, inaizungusha shafti ya gia boksi moja kwa moja kutoka kwenye injini hata kama pleti iko huru kabisa. Niliizungusha kwa kidole: laini. Foku haijatoka kwenye kishikio chake, haina ufa. Vidole vya presha pleti viko usawa mmoja.

Pleti yenyewe niliizungusha nikiitazama ukingoni, maana kuna kosa moja la mafundi wa jeki moja ambalo huua klachi mpya siku ileile: gia boksi inaingizwa, shafti inaingia kwenye meno ya pleti, halafu mtu anaiachia gia boksi ining'inie hapo huku wengine wanatafuta bolti. Uzito wote unalala kwenye katikati ya pleti na pleti inapinda. Ikiwa imesimama huwezi kuona kwa macho, lakini pleti iliyopinda hata milimita moja inagusa huku wakati huku imeachia. Yangu haikuyumba. Nashukuru tulitumia jeki 2.

Sikupata kitu. Na hapa ndipo pa kujilaumu zaidi, kwa sababu mtu akifungua kitu asipate kosa anatakiwa asimame ajiulize kwa nini alifungua. Mimi nilibadilisha rilizi beringi nikaweka nyingine, ili tu isemekane kuna kilichofanyika. Tukafunga. Saa 11 jioni nikawasha, nikakanyaga, nikavuta rivasi.

Kraaaa.

Mama mwenye gari akapiga simu. Ana magari matatu tu na hili ndilo kubwa. "Fundi wangu, wageni wanatua KIA kesho usiku. Ijumaa asubuhi wanatakiwa kwenye gari. Niambie ukweli, nikodi gari lingine?" Nikamwambia anipe hadi kesho saa 6 mchana. Halafu, kwa hasira ambayo haikuwa yake, nikampigia mzee aliyekereza flaiwili. Nilikuwa nimeshajihukumia kichwani kwamba amekula chuma kingi, klachi yote imesogea upande wa injini, na foku haifiki. Sikusema kwa adabu kama ninavyoandika hapa. Mzee akanisikiliza, akasema, "Sawa mwanangu, nakuja kesho asubuhi." Hakusema zaidi.

Alhamisi saa 2 asubuhi akaja na mfuko wa ngozi. Shikamoo, marahaba, akakataa chai. Akatoa venia, kile kipimo cha chuma chenye midomo, na rula ya chuma.

"Nilikata kiasi gani?"

Nikasema sijui, ndiyo maana nauliza.

"Nusu milimita na kidogo. Uso wa kusugua na uso wa kukalia presha pleti, vyote kwa kipimo kimoja. Sasa niambie, hiyo nusu milimita imekunyima nini?"

Nikaanza kueleza: klachi imeenda mbele, beringi inabidi iifuate, foku inabidi iinamie zaidi. Akatikisa kichwa. Masta ya chini ya gari hili ina springi ndani inayoifanya fimbo iiegemee foku muda wote. Klachi ikisogea mbele nusu milimita, beringi inaifuata, na fimbo inakaa mbele zaidi kwa milimita moja au mbili. Inaanzia mahali pengine, lakini inatembea umbali uleule. Akaniuliza swali ambalo tangu Jumanne sikuwa nimejiuliza.

"Fimbo inatembea kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Siku 3, gia boksi mara 2, nusu lita ya fluidi, beringi moja ya ziada, na kipimo pekee kinachogawa kazi hii katikati sikuwa nacho. Maana kila kilicho nje ya kengele, yaani pedali, masta zote 2, bomba na mpira, kazi yake ni moja: kuipa fimbo mwendo. Kila kilicho ndani ya kengele kazi yake ni kuugeuza mwendo huo kuwa nafasi kwenye pleti. Fimbo ikitembea vya kutosha na klachi bado haiachii, shusha gia boksi. Fimbo isipotembea vya kutosha, utashusha gia boksi hadi kiama.

Tukaweka gari juu ya stendi, mawe kwenye matairi ya mbele, gia nyutro. Dogo akakaa kwenye usukani. Mzee akalala chini pale pale na koti lake, akaweka alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye raba ya vumbi, akaegemeza rula. "Kanyaga. Achia. Kanyaga." Mara 5. Akasoma: milimita 10 na nusu.

Peke yake namba hiyo haisemi kitu. Milimita 10 inaweza kutosha gari moja na kulinyima jingine. Kwa hiyo tukafanya jaribio la pili, ambalo nalo ni la bure. Matairi ya nyuma yakiwa hewani, injini imezimwa, nikaweka gia namba nne, dogo akakanyaga klachi hadi mwisho, na mimi nikashika propela ya nyuma kwa mikono. Klachi isingeachia kabisa, propela isingezunguka, ningekuwa nashindana na injini nzima. Ingeachia vizuri, ingezunguka kwa urahisi. Yangu ilizunguka lakini kwa ubishi, kama kinu cha mkono kilichojaa mahindi, na kila baada ya robo mzunguko nilisikia pleti ikisugua. Inaachia nusu. Kilichopungua kwenye mwendo si kikubwa, ni milimita chache, ila zimepungua.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kutafuta nani anakula milimita. Tulianzia juu.

Kapeti. Mnaweza kucheka. Dereva alikuwa amenunua kapeti nene za mpira wiki ileile, na ile ya upande wake ilikuwa imekunjamana chini ya pedali ya klachi. Tulipoitoa, fimbo ikafika milimita 11 na nusu. Milimita nzima ya mwendo ilikuwa imelaliwa na kapeti. Rivasi bado ilikwaruza, ila kidogo zaidi. Kwa sekunde chache nilitaka iwe ndiyo hiyo tu, tuondoke.

Fito ya pedali kwenye masta ya juu ilikuwa imerekebishwa vizuri, na nafasi ndogo tu ya kucheza kabla haijagusa pistoni. Ikiwa na nafasi kubwa, pedali inatembea bure mwanzoni. Ikiwa haina kabisa, fluidi hairudi kwenye kikopo na klachi huanza kushika hovyo ikipata joto. Kisha raba za masta ya juu: dogo alikanyaga akashikilia dakika nzima, mimi natazama fimbo. Haikurudi hata kidogo. Raba zilizolegea ndani hupitisha fluidi nyuma ya pistoni bila tone kuonekana nje, na fimbo hurudi taratibu huku mguu uko palepale. Halafu mpira unaounganisha bomba na masta ya chini. Mpira wa zamani huoza kwa ndani, ukikanyaga klachi unavimba kama koo la chura na kumeza fluidi iliyotakiwa kusukuma fimbo. Niliushika kiganjani dogo akikanyaga. Mgumu, hautuni.

Kwa hiyo pedali nzima, masta ya juu nzima, bomba zima, upepo hakuna, na fimbo bado fupi. Nilikaa kwenye tairi. Dogo akatoa shauri ambalo nimewahi kuona likifanywa mtaani mara nyingi: tuchomelee fimbo, tuiongeze urefu.

Nilimkatalia, na ngoja nieleze kwa nini, kwa sababu shauri hili linaharibu magari ya watu. Fimbo ndefu haitembei zaidi. Inaanza mbele zaidi tu. Kama kulikuwa na nafasi kati ya fimbo na foku, kuirefusha kunaondoa nafasi hiyo, sawa. Lakini kama fimbo tayari inagusa foku muda wote, ukiirefusha unairudisha pistoni ndani ya masta. Na klachi pleti inavyoliwa na miezi, vidole vya presha pleti husogea kuelekea gia boksi, vinairudisha beringi, foku na fimbo nyuma. Siku pistoni ikifika mwisho ikakosa pa kurudi, presha pleti inakuwa imekanyagwa nusu muda wote. Rilizi beringi inaunguruma hadi ife, na klachi inarudi kuteleza kwenye mlima uleule wa Mto wa Mbu.

Dereva alikuwa amefika kuchukua mizigo yake. Akapanda, akakanyaga pedali mara 2 kujaribu, akasema kwa furaha kabisa: "Lakini fundi, klachi imekuwa nyepesi hii! Zamani mguu ulikuwa unakufa mpaka nafika Karatu."

Mzee akageuka. Mimi nilikuwa na maelezo yangu tayari, na ni maelezo ya kweli: presha pleti ya zamani pleti yake ikiisha, vidole hukaa vibaya na pedali inakuwa nzito, ukiweka mpya inalainika. Ndiyo maana tangu Jumanne wepesi ule haukunishtua. Ulikuwa na sababu. Shida ni kwamba ulikuwa na sababu 2 na mimi niliridhika na ya kwanza.

"Masta ya chini ni ya siku nyingi?" mzee akauliza.

"Mpya. Niliibadilisha."

"Ya zamani iko wapi?"

Hapa nijisifu kidogo, maana sifa ni chache kisa hiki: vifaa vya zamani huwa namrudishia mwenye gari, na dereva alikuwa ameitupia kwenye gunia chini ya kiti. Ikatoka na vumbi lake. Ukiziweka mkononi hizi mbili ni mapacha. Matundu ya bolti yaleyale, nyuzi za bomba zilezile, urefu uleule. Muuza duka aliniambia, "Hizi za Land Cruiser zote zinaingia," na hakudanganya, iliingia.

Mzee akaing'oa raba ya vumbi ya ile ya zamani, akatoa pistoni, akaingiza midomo ya venia kwenye tundu. Milimita 19 na kitu kidogo. Tukafungua ile mpya kwenye gari, fluidi ikamwagika kwenye mkono wangu. Akaingiza venia. Milimita 22 na kitu kidogo.

Milimita 3. Unaweza kuona ni ndogo, mpaka uipigie hesabu. Fluidi inayotoka masta ya juu kwa kanyago moja ni ileile, haiongezeki kwa sababu chini kuna chumba kikubwa. Ni kama chai ya kikombe kimoja: kwenye glasi nyembamba inafika juu, ukiimimina kwenye bakuli inalala chini. Na eneo la tundu la mviringo haliendi na kipenyo, linaenda na kipenyo mara kipenyo. 19 mara 19 ni 361. 22 mara 22 ni 484. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata kama robo tatu. Yaani masta mpya ilikuwa inaipa fimbo robo tatu tu ya mwendo wa zamani. Tulikuwa tumepima 11 na nusu; gawa kwa robo tatu, unapata 15 na zaidi kidogo. Milimita karibu 4 zilikuwa zimetoweka ndani ya kifaa kipya kisichovuja, kisicho na upepo, kisicho na kosa lolote ila cha gari lingine.

Na wepesi wa pedali ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Pistoni pana inasukumwa kwa nguvu zaidi na presha ileile, kwa hiyo mguu unapumzika. Ulichopewa kwenye nguvu umekatwa kwenye mwendo. Dereva alikuwa anafurahia dalili ya ugonjwa.

Niseme jambo moja hapa kabla mtu hajaenda dukani na namba zangu. Hizi 19 na 22 ni za gari hili. Gari la umri huu limeshapita mikono mingi, na hata ile masta ya zamani siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Ninachojua ni kwamba nayo klachi iliachia miaka yote, na hiyo ndiyo iliyonihusu. Pima yako. Mara nyingi hata venia haihitajiki, kipimo cha tundu kimeandikwa ubavuni kwenye chuma chenyewe kwa sehemu za inchi, ukisugua uchafu unakiona. Ya kwetu ya zamani ilikuwa nacho chini ya tabaka la grisi na vumbi. Kilikuwa hapo muda wote, ndani ya gunia, chini ya kiti.

Saa 4 nikaanza kuzunguka maduka ya spea na masta ya zamani mkononi na venia ya mzee mfukoni. Aliniazima bila kusema kitu, na kwa jinsi nilivyoongea naye usiku ule nilistahili kusemwa. Duka la kwanza walikuwa nayo ya 22. La pili walitaka nisifungue kasha mpaka nilipe. La tatu kijana alinitolea 3 tofauti akaniacha nipime kaunta, watu wananitazama kama mkaguzi wa mizani. Ya tatu ilisoma 19 na kidogo. Nililipa kwa pesa yangu. Lile duka lililoniuzia ya kwanza walikubali kubadilisha na kifaa kingine cha thamani ileile, lakini si kurudisha fedha, kwa sababu ilishaingia fluidi. Sikubishana sana. Hawakunichagulia, mimi ndiye niliyesema "ya Land Cruiser" nikanyamaza.

Kufunga kulichukua chini ya saa moja. Bolti 2, bomba, kutoa upepo. Gia boksi haikuguswa. Dogo akakanyaga, nikasoma rula: milimita 15 na nusu. Tukarudia jaribio la propela, matairi ya nyuma hewani, gia namba nne, injini imezimwa. Ilizunguka kwa vidole viwili. Nikawasha injini, nikakanyaga klachi, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikavuta rivasi. Iliingia kimya, mpaka dogo akauliza kama nimeshaweka.

Kwenye majaribio tulitoka Unga Limited tukapandisha Sakina hadi Ngaramtoni, foleni na vilima, gia zote juu na chini, kisha nikasimama kwenye mwinuko nikaondoka taratibu kuona kama itateleza au kutetemeka. Haikufanya hivyo. Tuliporudi nikalala tena chini kuangalia kama masta mpya imetoa jasho kwenye raba. Kavu. Saa 6 kasoro dakika chache nikampigia mama mwenye gari, nikamwambia asikodi.

Bei nilimtoza ya kazi ya kwanza peke yake. Mara ya pili ya gia boksi, ile beringi ya ziada na masta ya kwanza nilivibeba mimi. Aliuliza kosa lilikuwa nini, nikamweleza hesabu ya glasi na bakuli, akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unafungua tumbo na ugonjwa uko mguuni." Sikuwa na la kujibu.

Kitu kilichobadilika kwenye gereji yangu ni kidogo tu. Kwenye ukuta wa ofisi kuna karatasi, na kila gari la klachi linaloingia tunaandika mwendo wa fimbo kabla hatujafungua chochote. Inachukua dakika 5. Ningeandika namba hiyo Jumatatu gari likiwa bado na masta yake ya zamani, Jumanne jioni ningepima tena, ningeona 15 imekuwa 11, na mzee asingelala chini na koti lake.

Jumapili mchana dereva alinipigia kutoka Karatu, mtandao unakatika. Nikashika simu moyo ukidunda. Gari linakwenda vizuri, akasema, gia safi, mlima limepanda bila harufu. "Ila fundi, ile klachi uliyoibadilisha Alhamisi, pedali imekuwa nzito tena. Nikirudi uniangalizie, ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."